Chupa ya Kumi na Mbili

Katoni moja ya chupa kumi na mbili za divai nyeupe ilifika Kindu, mashariki mwa Kongo, kwa ndege mwaka 1997, na wateja wa duka la Kavuo mtaani Kasuku hawakuitaka. Walizoea divai tamu. Hii ilikuwa kavu, haina sukari hata chembe, inakata ulimi kama nanasi lisiloiva. "Mama Kavuo, umetuuzia dawa ya minyoo!" walisema wakicheka, wakarudisha chupa nusunusu.

Sikuli, mumewe Kavuo, ndiye aliyezinywa, moja moja. Alizipoza katika mchanga mbichi chini ya mtungi, akisoma lebo kwa sauti: baba, mwana na mjukuu, familia moja ya Afrika Kusini, shamba lao wenyewe la mizabibu. Yeye na Kavuo walikuwa wametoka Butembo, na hapa Kindu walikuwa na duka dogo tu. "Na letu litakuwa hivi," alimwambia mkewe.

Mwaka 2002 vita viliuzingira mji. Treni haikuja, mashamba ya Mikelenge hayakufikika. Sikuli alipakia chumvi kwenye baiskeli aende Kibombo kuibadilisha na mchele. Kabla ya kuondoka aliifukia chupa ya mwisho nyuma ya jiko. "Tutaifungua nikirudi. Wapenda sukari usiwape." Binti yao Bénie alikuwa na miezi minne.

Baiskeli haikuonekana tena, wala mwili. Kavuo hakukaa matanga, hakunyoa nywele. Kila aliyemuuliza alijibiwa vilevile: yuko safarini.

Mwaka huu akina Cédric, mchumba wa Bénie, walileta mahari mara mbili wakarudishwa. Kwao Kavuo, baba ndiye huonja kinywaji cha mahari kwanza, kisha humpa binti. Akiwa hai, hakuna anayeshika glasi yake. Akifa, hushika ndugu yake. Walipokuja mara ya tatu, Jérémie, mdogo wake Sikuli, aliweka mikono nyuma.

"Shemeji, nikionja namuzika yaya wangu, mukubwa wangu. Sema wewe: iko hai ao alikufa?"

"Iko safarini."

"Miaka makumi mbili na tatu! Hata wa mwezini walirudi."

Watu wakacheka. Kavuo hakucheka. Désiré, mjomba wa Cédric, akasema taratibu, "Mama, tunakuheshimu. Lakini leo njo mwisho. Tukibeba vitu vyetu, haturudi."

Bénie alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanadondoka kwenye kitenge kipya.

Kavuo akachukua jembe, akatoka. Aliporudi alishika chupa yenye udongo, lebo imeliwa na mchwa, hakuna jina lililosalia. Kizibo kilivunjika. Divai ilikuwa na rangi ya chai.

Akajaza glasi, akasimama kizingitini. Nyumbani kwao kinywaji hutangulia kugusa ardhi kwa ajili ya wafu tu.  Akaimwaga yote chini.

Jérémie akavua kofia.

Glasi ya pili akampa yeye. Alionja, uso ukamkunjamana, akameza, akampa Bénie. Kavuo alionja mwisho. Ule ukali wa nanasi haukuwamo. Ilikuwa siki tu.

Akafungua kitambaa cha kichwa, akaketi sakafuni. Désiré akasogeza viti ukutani bila kuambiwa, na wale waliokuja kutoa mahari wakakaa matanga na nguo zao za sherehe.