Niliuza Ua la Da Tatu Kabla Mwanawe Hajaolewa

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa ili asije mtu akaanza kunitetea, maana nimeshajitetea mwenyewe mpaka ulimi umeota sugu, na haikusaidia.

Jina langu halina faida kwako. Jua tu kwamba ni mwanamke wa Dunda, hapa Bagamoyo, nafuma vitambaa vya makochi kwa kroshia, na nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na watoto watatu. Nilipata D nyingi kuliko nazi za wilaya nzima! Cheti nikakitia kwenye fremu kubwa kuliko dirisha. Mtaa ukaanza kuniita Katibu, na mimi nikaitika. Barua ya posa, barua ya kuomba kazi, barua ya kumkataa mtu, zote zilipita kwangu.

Ndiyo maana Da Tatu aliniita mimi.

Da Tatu ni jirani yangu. Amenipita kama miaka kumi na mitano, na ndiye aliyenishikisha sindano ya kroshia. Maua anayofuma huyakuti popote, anayatoa kichwani. Shida ikawa macho. Yaliingia ukungu, kwanza moja, kisha la pili, akawa anafuma kwa kupapasa.

"Mdogo wangu," akaniambia, "wewe una kalamu, mimi nina kiza. Njoo tuyaandike haya kabla sijaanza kuyasahau. Nataka Mwajuma abaki nayo."

Mwajuma ni binti yake wa pekee. Alikuwa ameshaposwa Lugoba.

Tukaanza na ua la harusi ya Mwajuma mwenyewe. Da Tatu alilibuni kimya kimya, na alitaka lionekane mara ya kwanza siku wageni watakapoingia kutazama chumba cha bi harusi. Si kabla. Yeye akawa anasema, mimi naandika kwenye daftari: vitanzi sita, funga duara, zunguka, panda. Petali nane. Tulipofika ya nane akanishika mkono.

"Hapa punguza kitanzi kimoja. Hii ilale kidogo."

"Ilale? Da Tatu, watu si watasema umekosea?"

"Waseme. Anayeniiga kwa macho ataona ni kosa, ataisimamisha. Hiyo iliyolala ndiyo sahihi yangu. Sisi wengine hatukwenda shule ya jioni, Bi Katibu!"

Tulicheka mpaka kuku wakahama uwanja.

Nikaandika neno kwa neno. Mwanafunzi hodari!

Sasa sikia upumbavu wangu. Nilikuwa kwenye kundi la watsapu la wafumaji. Humo wamo wanawake wanaofuma kama wamezaliwa na mikono sita. Kila siku mtu anarusha picha, anasifiwa, mimi kazi yangu kupiga makofi. Siku moja nikalifuma ua la Da Tatu kutoka daftarini, nikarusha picha yake. Kundi likalipuka!

"Dada, umelitoa wapi hilo?"

Vidole vyangu vikaandika: "Nimelibuni mwenyewe."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Nadhani yalitoka kwenye ile fremu.

Wakataka maelekezo. Nikayachapa vizuri, juu nikaweka jina langu, chini nikaandika ni marufuku kunakili. Mimi huyo huyo! Mwizi anayefunga kufuli nyumba aliyoivunja! Nikawauzia wa Dar, nikawauzia wa Miono, na walionunua wakawafundisha ndugu zao. Nafsi iliponisuta nikawa naijibu: ua halina hati, sisi sote tumejifunza kwa kuigana. Na ni kweli tumejifunza hivyo. Uongo unaoegemea kweli ndio unaochelewa kuanguka.

Harusi ikafika. Chumba kimepambwa, vitambaa vyeupe vimetanda mpaka kwenye meza ya maji. Da Tatu kakaa mkekani na kanga mpya, uso unawaka. Wakwe wa Lugoba wakaingia kwa vigelegele. Shangazi wa bwana harusi, mama mwenye sauti ya king'ora, akafungua zawadi aliyoileta: seti nzima ya vitambaa vya makochi.

Ua lile lile.

"Eh! Kumbe na nyie mnalo!" akapiga ukelele. "Mimi kanifundisha mpwa wangu wa Miono, yeye kanunua maelekezo kwenye simu. Mama mkwe naye kanunua!"

"Sijanunua," Da Tatu akasema. "Hilo ni langu. Nimelibuni mimi."

"Haya mama, lako."

Unaijua ile "haya" ya wakwe? Wenzake wakatazamana. Wawili wakaziba midomo kwa kanga. Mwajuma, kitandani na hina zake, akainamisha kichwa.

Da Tatu akanyoosha mkono, akapewa kitambaa. Akaanza kupapasa. Petali ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nimesimama na sinia la sambusa, nahesabu naye moyoni. Ya nane kidole kikasimama.

Ilikuwa imelala.

Ni mtu mmoja tu duniani aliyeambiwa ailaze.

Hakupiga kelele. Aligeuza uso upande wangu, sijui alijuaje nilipo, akasema, "Aliyeandika ni hodari. Hakukosea hata kitanzi."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema! Nafasi ilikuwa pana kama uwanja wa mpira. Nikafungua mdomo, nikauliza nani hajapata sambusa.

Hilo ndilo kosa la pili, na mimi naliona zito kuliko la kwanza.

Siku ya tatu nikaenda kwake. Nililia machozi ya kujaza pipa, nikasema yote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kuiga kwa macho sikukatazi," akasema. "Mtu akae, atazame, akosee, afumue, arudie, lile jasho ni lake. Mimi nimeiga ya wenzangu tangu msichana. Wewe hukuiga. Nilikutajia kitanzi kwa kitanzi. Ungeniomba ningekwambia subiri harusi ipite, kisha uza, sema tu ni la Tatu. Ilikushinda nini kuandika Tatu? Herufi nne hizo, Katibu."

Nikarudi nyumbani, nikaichukua simu.

Nikaandika ukweli kwenye kundi. Wakajibu, "Pole dada," na "Ua tu hilo jamani," na mmoja akauliza, "Kwani huyo mama ana mengine?" Nikapanda gari hadi Lugoba, nikamweleza yule shangazi uso kwa uso. Akanitengea chai, akatabasamu. "Tunaelewa, mama. Jirani lazima umtetee jirani." Mwajuma huko ukweni wanamtania mpaka sasa, mtoto wa ua la simu. Ukweli nimeupeleka umechelewa, na hakuna anayeununua.

Nimechoka, ndugu yangu. Hata utani wangu umechoka, nausukuma tu kama baiskeli yenye pancha.

Wewe unayefuma, unayeshona, unayepika, unayesoma haya na simu mkononi: kabla hujatuma kitu ulichopewa kwa mdomo wa mtu, muulize mwenyewe. Yupo hapo, hatua chache. Akisema subiri, subiri. Akikuruhusu, andika jina lake kwanza. Na ukishakosea, sema siku ile ile, mbele ya wale wale, hata kama una sinia mkononi.

Yale maua mengine ya Da Tatu, zaidi ya arobaini, hayajaandikwa. Daftari lipo kwangu, lina kurasa mbili zenye wino, zilizobaki nyeupe. Kila Ijumaa naenda kumwamkia. "Shikamoo, Da Tatu." "Marahaba, karibu." Ananitengea mkeka, ananiuliza watoto. Mikono yake inafuma kitu, sijui nini. Nikishakaa tu, anakiingiza chini ya kanga.

Yeye asiyeona, ananificha mimi mwenye macho.