Samaki wa Bosi Hakuwa Mgonjwa

Jamani, nawasihi, haya yaishie kwenye kundi hili. Mbinga nzima ina masikio!

Bosi kasafiri, kaniachia tangi lake la samaki wa mawe, wale wadogo wa rangi wanaoishi miambani Ziwa Nyasa, aliowatoa Liuli. Alisema niwalishe tu, nisimguse hata mmoja.

Mmoja hajala siku tano na koo limevimba. Nikaona anakufa, na kazi yangu nayo.

Leo asubuhi nikamtoa kwa chujio, nikamweka kwenye beseni la maji yenye chumvi kidogo.

Akatema watoto! Wadogo kama punje za mpunga, wanaogelea.

Mama anayepika pale kwa bosi, mzaliwa wa ziwani, alicheka mpaka akakaa chini.

"Karani, umesoma kote huko hujui hawa wanalea mdomoni? Alikuwa amefunga kwa ajili ya wanawe, wewe ukamtapisha!"

"Shikamoo mama. Niwarudishe tangini?"

"Marahaba. Warudishe, wenzao wapate kitoweo."

Samaki mwenyewe hataki tena kuwabeba. Bosi anafika kesho.

Mwenye tangi dogo, au hata ndoo safi na mawe ya ziwani, alete leo kwa bosi. Msipige simu ya ofisini. Piteni mlango wa jikoni, mniite taratibu.