Balbu Tatu Juu ya Tangi

Naungama mwenyewe, kabla walimu wenzangu hapa Mbeya hawajakitia chumvi kisa hiki. Mwezi wa nne nilishuka kwenye treni kutoka Dar es Salaam na madumu mawili ya maji ya bahari, samaki wawili wa rangi ya chungwa na kipande cha matumbawe hai. Niliapa kwamba hawatanifia.

Baridi ya Juni ilipoingia, nilining'iniza balbu juu ya tangi la kioo. Samaki wakajilaza chini. Nikaongeza balbu ya pili, kisha ya tatu. Nikazima na pampu ya hewa, maana niliona mapovu yanapoza maji kama mtu anayepuliza chai. Kipimajoto nilichokiweka juu kilinipa moyo. Samaki, hata hivyo, wakalala ubavu.

Jumamosi nikamwalika mkuu wa shule aone ninavyopambana.

"Joto nimelimudu," nikamweleza. "Huu ni ugonjwa tu."

Mke wangu akatumbukiza mkono hadi kiwiko, kama anavyopima maji ya kumwogesha mtoto.

"Baba Atupele! Huku juu moto, huku chini barafu. Kwani maji hayakorogwi?"

Akayakoroga, akawasha pampu. Baada ya muda samaki mmoja akatikisa mkia, akainuka.

Mkuu wa shule akavua miwani.

"Mwalimu, hebu nikumbushe. Kidato cha pili unawafundisha nini?"

"Fizikia."

"Mmefika wapi?"

Nikatazama matumbawe.

"Namna joto linavyosafiri majini."