Mdogo Wangu Hakukichafua Kisima

Sipendi kuandika. Shule niliiacha darasa la pili, na miwani yangu ina kioo kimoja. Lakini mjukuu wangu ameng'ang'ana: "Bibi, andika wewe, mimi hawatanisikia." Haya. Kalamu nimeishika kama mwiko, mtanisamehe. Hapana, msinisamehe. Someni.

Mdogo wangu anaitwa Sululu kwa sababu amechimba vyoo vya mtaa huu tangu hajaota ndevu. Choo chake hakititii. Sheria yake ilikuwa moja: kisima juu, choo chini, katikati hatua hamsini. Anazipiga mwenyewe kwa miguu yake mirefu, na mwenye nyumba akinuna, anune.

Zamani mvua ilikuwa na adabu. Siku hizi inapotea miaka miwili bila kuaga, halafu inamwaga yote kwa siku tatu. Mwaka juzi vyoo vya bondeni vilijaa vikatapika. Kilichokuwa kinaelea jikoni kwangu sikisemi.

Nikamwita. "Chimba huku juu."

"Juu ya kisima, dada?"

"Sasa unataka twende chooni kwa mtumbwi?"

"Ardhi inavuja, dada."

"Nimekubeba mgongoni wewe. Chimba!"

Akachimba saba. Mvua ya mwaka huu ilipopiga, ikasukuma ya huko juu yote hadi kisimani. Wifi yangu, mkewe Sululu, aliharisha siku mbili. Ya tatu tukamzika.

Ndipo akaja bwana afya na viatu vyake vyeupe. Hata ndoo ya maji hakuleta. Alileta kibao, akakipigilia pale kisimani. Nilikisoma herufi kwa herufi: KISIMA KIMEFUNGWA. KIMECHAFULIWA NA MCHIMBA VYOO.

"Ni mabadiliko ya tabianchi pia, mama," akaniambia.

"Anakaa wapi huyo, nikamtukane?"

Akacheka. Mimi sikucheka. "Mbona kwenye kibao hayumo?"

Akapanda pikipiki yake.

Tangu siku hiyo Sululu anazomewa njiani, mtu aliyefiwa! Wanaomzomea wanachota kwenye kisima kilekile kwa kujificha, maana maji mengine yako wapi? Vyoo vya kuinuliwa juu ya matofali, ambavyo mafuriko hayavifikii, anajua kuvijenga. Nani atampa kazi na kibao kile kipo? Anashinda ndani, uso ukutani.

Mimi ndiye niliyemwambia achimbe. Nimesema mara moja, sirudii. Na mvua hatukuiharibu sisi. Moshi wetu wote ni wa mafiga matatu.

Basi wewe unayesoma, mwenye mwandiko mzuri, njoo ukifute kile kibao uandike ukweli. Wala usije mikono mitupu kama yule. Njoo na lori la maji. Ushushe maji kwanza, ndipo ushike brashi.