Mwavuli wa Njano Chini ya Ndege Tupu

Ijumaa moja, saa sita kasoro mchana, Mama alinipigia simu huku anacheka.

"Mwanangu, leo nimekuona! Mmepita hapa juu ya nyumba, mkaniwashia taa mara mbili. Nimekupungia mpaka bega linaniuma."

Nikamjibu, "Nami nimekuona, Mama. Mwavuli umeonekana vizuri kabisa."

Wakati namjibu hivyo nilikuwa nimekaa sakafuni jikoni kwangu, nafua soksi kwenye beseni. Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu niachishwe kazi. Ndege yenyewe sikuwa nimeisogelea.

Sasa najua mnataka kuuliza: aliyemwashia taa ni nani?

Subirini kidogo, nianze mwanzo.

Mimi nilikuwa mhudumu wa ndege, mwaka wa tisa kazini. Ugonjwa ulipoingia, serikali ikapiga marufuku kubeba abiria. Ndege zetu nyingi zikaegeshwa nyuma ya karakana, injini zimefunikwa maturubai.

Lakini kulikuwa na sheria nyingine ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka kuisimamisha. Kampuni isiyotumia nafasi yake ya kutua, ile saa iliyopangiwa uwanjani, inanyang'anywa, anapewa mwingine.

Yaani serikali inasema msibebe watu, na serikali hiyohiyo inasema msiache kuruka.

Basi tukaruka.

Kila Jumanne na Ijumaa, viti mia na hamsini, abiria hakuna hata wa dawa. Mkuu wetu wa zamu alikuwa mama wa kanuni, kila kitu kifanyike kama kawaida. Kwa hiyo nilisimama katikati ya viti nikivionyesha jinsi ya kufunga mkanda.

Wiki ya kwanza tulicheka mpaka machozi. Wiki ya nne hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumechoka, na uchovu wa kazi isiyo na mtu wa kumhudumia usiombe ukupate.

Kilichonishikilia ni kitu kimoja: ndege ile ilikuwa inakwenda mji wa kwetu.

Nyumba ya Mama iko chini kabisa ya njia ya kutua. Ila wahudumu tulikatazwa kushuka, tusije tukabeba maradhi. Tunatua, karatasi zinasainiwa, baada ya dakika arobaini tunageuza. Mama yangu yuko kilomita nne tu kutoka nilipo, na mimi hata ngazi siruhusiwi kukanyaga.

Ndipo Mama akaja na mambo yake. Akanunua mwavuli wa njano. Kila siku ya ndege, saa tano na nusu, anasimama uani, anaufungua, anaanza kuuzungusha.

Nilipomweleza kapteni, aliniangalia tu. Tulimwita Kapteni Kimya, maana anaweza kurusha ndege saa tatu kwa maneno manne. Lakini siku hiyo tulipokaribia paa la kwetu, alizima na kuwasha zile taa kubwa za mbele mara mbili.

Nililia chooni, siwafichi.

Halafu mambo yakageuka. Kampuni ilikuwa hoi, ikaenda kuomba msaada serikalini. Ikakubaliwa, kwa sharti la kubana kila mahali. Na ndege tupu inahitaji wahudumu wa nini? Tukatumiwa ujumbe kwenye simu, mistari mitatu, wa mwisho unasema tunakutakia afya njema.

Sikumwambia Mama. Ana sukari, ana presha, mwaka huohuo alikuwa amezika majirani wawili. Nikajisemea, nitamwambia nikipata kazi nyingine.

Kumbe Kapteni Kimya hakuacha. Mwavuli anauona, taa anawasha. Mama akiona taa, anapiga simu. Mimi naitikia nimekuona. Mwezi ukapita hivyo.

Mpaka dada yangu mkubwa, anayeishi na Mama, akanipigia Jumatatu moja. Sauti yake haikuwa nzuri.

"Mdogo wangu, Mama ana kidonda kwenye kidole cha mguu. Kimeanza kuwa cheusi."

"Mmempeleka hospitali?"

"Daktari kasema alazwe jana ileile. Hataki! Anasema Jumanne na Ijumaa lazima awe uani. Daktari kasema tukichelewa wanakata mguu, dada yako nimepiga magoti, hasikii. Zungumza naye wewe, maana ni mwavuli wako huo."

Uongo wangu ndio uliokuwa unakwenda kumkata mama yangu mguu.

Kwanza nilifanya jambo la kijinga. Nilimpigia kapteni.

"Kapteni, nakuomba kesho usiwashe taa. Akiona hazijawaka, atakata tamaa, atakwenda hospitali."

Akaongea kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Binti, narusha chuma kitupu nakipeleka kusikokuwa na mtu. Mama yako ndiye binadamu pekee anayefurahi kuniona. Taa sizimi. Mwambie ukweli wewe."

Akakata.

Nilizunguka sebuleni kwangu mpaka nikahesabu vigae. Halafu nikapiga.

"Mama, nisikilize. Mimi siko kwenye ile ndege. Niliachishwa kazi mwezi uliopita. Nilikuwa nakudanganya."

Nasikia redio yake inaongea nyuma.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Siku ileile najua. Waziri alisema redioni, ndege tupu zibaki na marubani peke yao. Unafikiri mimi redio naisikiliza kwa ajili ya muziki?"

"Mama! Sasa kwa nini unanipigia kuniambia umeniona?"

"Kwa sababu nilipokupigia Jumanne ile ya kwanza nikakuuliza, umeniona? Ukasema ndiyo. Nikajua hujawa tayari. Nikasema nimwache mwanangu, akiwa tayari atasema."

"Na hospitali je? Mguu unaoza, unakataa kulazwa kwa ndege ambayo unajua simo?"

Akashusha pumzi, pumzi ya mtu aliyechoka.

"Ningelazwa, Jumanne ungeniambia umeniona uani, na mimi niko kitandani hospitali. Ungekuja kujua kwamba nimekukamata. Ungeona aibu, na ukiona aibu unanyamaza, nakujua tangu mdogo. Usingenipigia tena. Mguu nina miwili, mwanangu. Simu yako ni moja."

Nililia, naye akaniacha nilie.

Mwishowe akauliza, "Umemaliza? Haya, mwambie dada yako aniletee viatu."

Walimkata vidole viwili. Mguu ulibaki. Daktari alisema wangechelewa siku nne tu, habari ingekuwa nyingine.

Jumanne hiyo, siku moja baada ya simu ile, saa tano na dakika thelathini na tano, ujumbe uliingia kwenye simu yangu. Ulitoka kwa Kapteni Kimya.

"Uani hakuna mtu leo. Nimewasha hata hivyo."

Wiki iliyofuata serikali iliikumbuka ile sheria yake ya kutua, ikaisimamisha. Ndege tupu zikakoma. Zingekoma tu, tuseme ukweli tusiseme.

Leo nauza dawa kwenye duka la watu, sijawahi kurudi angani. Mama anatembea kwa kuchechemea, na mwavuli anautumia kama fimbo.

Nawaandikia haya kwa sababu moja. Kama kuna mtu unamficha jambo ili asiumie, mpigie leo, usingoje kesho. Huenda naye anajua, amenyamaza ili usiumie wewe, na huku kidole kinazidi kuwa cheusi.