Kalemie tuna link mbili, VPN yetu ilikuwa inapita moja tu, na aliyeumia ni mama mdogo wangu

Wakuu, salamu kutoka Kalemie. Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi. Bado nina hasira, kwa hiyo mkiona lugha imekuwa kali mnivumilie.

Mimi ni fundi wa network kwenye hospitali moja hapa mjini. Tuna vituo vidogo kando ya ziwa, kimojawapo kiko Moba.

Moba kuna mashine ya X-ray na muuguzi hodari, Mama Régine, ila daktari wa mifupa hakuna. Picha ikipigwa kule inatumwa kwa VPN, yaani njia yetu binafsi ya mtandao, daktari wetu Papa Kalonda anaisoma hapa Kalemie, anasema cha kufanya.

VPN yenyewe tunapewa na kampuni moja (siitaji) juu ya mtandao wao wa MPLS. Hapa Kalemie wametuwekea link mbili, kila moja na router yake upande wao. Ahadi ilikuwa load balancing, yaani mzigo ugawanyike kwenye njia zote mbili.

Wapi.

Kila mchana link ya kwanza inajaa mpaka inadondosha packets, vipande vya data. Ya pili imelala usingizi.

Nikawatumia graphs. Engineer wao, nimwite Serge, akanijibu kwa simu: "Papa, link zote ziko up. Load balancing tuliiwasha. Angalia upande wenu."

Nikaangalia. Sikuona kitu. Nikapiga tena, jibu lile lile.

Sasa mama mdogo wangu, Mama Ilunga, anakaa Moba. Alikuwa anatoka kuloweka mihogo, akateleza kwenye mawe, mguu ukavimba vibaya. Mama Régine akapiga picha, akaituma.

Papa Kalonda akakaa mbele ya screen, mimi nyuma yake. Picha inasogea kidogo, inakatika, inaanza upya. (Msiniambie WhatsApp. Siku hiyo Moba sauti ya simu ilipita kwa shida, data hakuna.)

Mama Régine akapiga. "Docta, picha imefika?"

"Haiyafika."

"Boti ya Kalemie inaondoka, na upepo huu hatujue ingine itakuja lini. Kama njo mufupa wa kupasuliwa, akibakia hapa mguu utaharibika."

Papa Kalonda akafumba macho kidogo. "Mufunge mbao vizuri, mumutume."

Wala simlaumu. Angefanya nini?

Picha ilifika boti ikiwa katikati ya ziwa. Papa Kalonda aliitazama, halafu akanionyesha kwa kidole. "Ona. Ulikuwa ufa tu, mufupa haukuhama. Plasta ya Moba ingetosha."

Nikatoka nje. Sikutaka anione.

Ziwa lilichafuka njiani. Gunia la dagaa likamwangukia mama mguuni. Alipofika bandarini mfupa ulikuwa umehama kweli, ikabidi apasuliwe. Atatembea, ila kwa kuchechemea.

Baada ya operesheni mimi na Papa Kalonda tukaenda ofisi ya ile kampuni. Nikamwambia Serge, kaa hapa, fungua router yenu ya Moba, nionyeshe table ya VPN yetu, ile orodha ya njia inazozijua.

Akafungua. Njia ya kuja Kalemie ilikuwa moja tu.

Kwa wasio wa fani: router zao mbili za Kalemie zote zinatangaza anwani za hospitali yetu, lakini zilipewa RD ile ile, yaani alama ya kutofautisha routes za VPN. Route reflector yao ya katikati, inayozigawia router nyingine hizo routes, ikipokea matangazo mawili yenye alama moja, inachagua moja na kuliacha la pili. Moba haijui kabisa kama kuna njia nyingine. Load balancing umewasha, sawa, utagawanya nini?

Serge akaisoma tena ile table. Halafu: "Hii njo configuration tuliikuta."

Akabadilisha RD ya router moja, multipath (kutumia njia zaidi ya moja) ikashika, na graph ya link ya pili ikaanza kupanda tukiwa bado tumekaa pale. Picha moja bado inapita njia moja, ila sasa hazibanani zote upande mmoja.

Kazi ndogo namna hiyo. Hicho ndicho kinachonichoma.

Baadaye wakatuma ujumbe: "Tatizo limetatuliwa. Asante kwa uvumilivu." Uvumilivu wa nani?

Nilichojifunza: link kuwa up hakumaanishi kwamba inatumika. Mwenye link mbili, usikubali kuambiwa kwa simu. Omba uonyeshwe table kwenye router ya mbali, njia zote zionekane kwa macho yako, kabla mgonjwa hajapandishwa boti.

Jana mama mdogo aliniuliza kama yule kijana wa kampuni anajua kilichompata. Nikamwambia anajua.

"Na hakuja hata kunisalimia?"

Wakuu, waliokutana na hili waseme walivyobanana na kampuni zao. Wajuzi wa MPLS, nikosoeni pale nilipokosea.

Na Serge, kama unasoma humu, mama bado yuko kwangu. Nyumba unaijua. Njoo umwambie mwenyewe hitilafu ilikuwa upande wa nani.