Neno Lililomuunguza Dada Zainabu

Kuna jioni moja bado ninaikumbuka, mwanangu, kana kwamba vumbi lake halijatua. Nilikuwa uani kwa dada yangu Zainabu, pale Majengo, Dodoma, nimechuchumaa nasuuza vyombo, mumewe alipoingia akicheka na kikapu mkononi. Nitakusimulia, maana wewe sasa unakwenda kuanza nyumba yako, na mambo ya namna hii hakuna anayeyafundisha katikati ya ngoma na vigelegele.

Nilikuwa msichana. Nilitoka kwetu Kolo, huko Kondoa, kuja kumsaidia dada biashara ya maandazi. Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakaanza kujaa sabuni za kila rangi, redio, manukato, na mafuta ya kupaka ambayo mama zetu hawakuwahi kuyaona. Kila mwenye karai na jiko la mkaa aliona naye anaweza kuwa mfanyabiashara. Shemeji Hamisi alikuwa dereva wa mzungu mmoja aliyekuwa akichimba visima vijijini, na kila asubuhi alibeba maandazi yetu ya kula njiani yeye na mzungu wake. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, ila alipenda kuchomeka Kiingereza katikati ya maneno yake, kama mtu anayetaka uione saa yake mpya. Dada hakukijua. Mimi nilikiokota kidogo shuleni.

Kuna jambo ulijue kuhusu mimi na dada. Yeye alimfuata mama, mweusi wa kung'aa, mzuri kweli. Mimi nilimfuata baba, nikatoka mweupe. Tangu utotoni, wageni wakija nyumbani walinishika mimi shavu, kisha wakauliza, "Na huyu mwingine naye ni wenu?" Walisema kwa mzaha, na dada alicheka pamoja nao. Sasa najua kuwa hakuwa akicheka. Tena alikuwa ameolewa muda mrefu bila kujaliwa mtoto, jambo ambalo majirani walimkumbusha hata alipokwenda kununua chumvi.

Basi jioni ile Shemeji alisimama mbele yangu. "Shemeji Rehema, hongera! Mzungu leo kasema, laiti! Veri laiti!" Akatoa andazi lililobaki kikapuni, akalipimapima kiganjani kama unyoya. Nikaelewa. Maandazi niliyokanda mimi yalikuwa yameumuka vizuri, mepesi. Nikacheka kwa furaha.

Dada alikuwa chumbani, nyuma ya pazia la dirisha. Yeye hakuliona andazi. Alisikia sauti ya mumewe, kicheko changu, na neno moja.

Baadaye sana aliniambia jinsi lilivyomwingia. Kwanza alilisikia kwa Kiswahili chetu. "Laiti! Laiti nini? Laiti angemwona Rehema kabla yangu?" Kulipokucha akawaza kuwa huenda ni Kiingereza, na hilo likamuuma zaidi. "Kama ni neno jema, kwa nini alifiche kwenye lugha nisiyoijua?"

Hakumuuliza mumewe. Alikwenda sokoni kwa kijana mmoja aliyekuwa akiuza vipodozi. Yule kijana akashusha boksi lenye picha ya mwanamke anayetabasamu. "Laiti? Mbona imeandikwa hapa, dada. Maana yake weupe. Ukipaka hii, utakuwa laiti mwenyewe."

Akanunua.

Tangu siku ile nyumba ikabadilika. Dada aliacha kuniita "mdogo wangu", akawa ananiita "wewe". Nikiweka chai mkekani, aliiondoa, akaiweka upya kwa mkono wake. Nikicheka na Shemeji, alikohoa. Nikinyamaza, aliuliza, "Mbona kimya, kwani nimewakatiza?" Nilipokuwa nakanda alikuwa akinitazama mikono, si unga, mikono yangu, mpaka siku moja akaninyang'anya beseni. "Kuanzia leo nakanda mwenyewe," akasema. Nilikaa pembeni nisijue kosa langu, na mtu akikunyima kosa lako, huna hata cha kuomba radhi.

Kisha jioni moja umeme ukakatika, Shemeji akiwa bafuni anaoga. Alijua mimi ndiye niliye karibu, akaita kwa sauti, "Shemeji, laiti! Niletee laiti!" Alikuwa anaomba taa. Nikainuka kuchukua kandili. Dada akanizibia mlango, mwiko bado mkononi.

"Kumbe amekupa na jina," akasema polepole.

Sikumwelewa hata kidogo. Akaichukua kandili yeye, akampelekea.

Siku hizo alikuwa ameanza kujifunika ushungi mpaka machoni, hata ndani ya nyumba. Nilidhani ni hasira tu, kwamba hataki nimwone uso. Kumbe mafuta yalikuwa yanamla, na jua letu la Dodoma halimwonei huruma mtu aliyechubuka ngozi.

Ijumaa moja mchana, Bi Kidawa, mama yake Shemeji, alikuja kula kwetu. Alikuwa mama wa mjini tangu babu zake, mpole, asiyependa kelele. Tulipomaliza kula, Shemeji bila kuwaza lolote akasema, "Zai, mzungu analalamika. Anasema maandazi siku hizi hevi. Anataka ile laiti ya Rehema."

Dada aliinuka kwa nguvu, bakuli la mchuzi likamwagika.

"Ile laiti ya Rehema! Na mbele ya mama yako! Kama unautaka huo weupe wake, sema niondoke. Au tazama wangu, kama utakutosha!"

Akavua ushungi.

Mwanangu, nilipiga yowe. Mashavu yalikuwa mekundu, yamechubuka, na chini ya macho kulikuwa na mabaka kama ya mtu aliyemwagikiwa mafuta ya moto. Shemeji alijishika kichwa. "Weupe gani, Zai? Mimi nasema maandazi!"

Bi Kidawa hakupaza sauti. "Hamisi, neno hilo maana yake nini?"

"Nyepesi, mama; hevi ndiyo nzito."

"Basi, hiyo tu?"

"Na taa pia ni laiti."

"Hiyo tu?"

Shemeji akasita. "Na rangi ikiwa nyeupe... nayo wanasema laiti."

"Hiyo ndiyo aliyoniambia muuza mafuta sokoni," dada akasema. Bi Kidawa akashusha pumzi. "Kwa hiyo mkeo ulimwachia neno lenye maana zote hizo, alale nalo peke yake, na wewe unakoroma pembeni." Kisha akamgeukia dada, akamshika mkono. "Na wewe, binti yangu. Mume unaye ndani, ukaenda kumuuliza muuza mafuta. Ulitegemea akupe maana ipi? Alikupa ile anayoiuza. Na moyo wako ukaipokea haraka, kwa sababu ndiyo uliyokuwa ukiiogopa siku zote."

Dada alilia kilio ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipomzika baba.

Tulimpeleka zahanati siku hiyohiyo. Ngozi ilipona polepole, lakini baka moja shavuni hajaachana nalo hadi leo. Shemeji naye akajifunza kuzungumza Kiswahili nyumbani kwake. Mimi nilirudi Kolo baada ya siku chache. Hakuna aliyenifukuza, ila niliona wanahitaji kuwa wawili. Dada alinisindikiza stendi, na basi la Kondoa likiwa linanguruma akaniambia, "Rehema, wivu nilikuwa nao kabla ya neno lile. Lingekuja neno lolote, lingenikuta tayari."

"Hata mimi nilikuonea wivu, dada," nikamjibu. "Mama alipokuwa anaumwa, jina alilokuwa anaita ni lako."

Alinitazama kama mtu aliyepewa habari mpya. Tukashikana, tukalia na kucheka mpaka kondakta akatugombeza.

Basi, mwanangu, wivu utakuja, usijidanganye kwamba wewe hutauonja. Utakuja hata kwa watu unaowapenda, na pengine kwao ndiko utakuwa mkali zaidi. Ukija, jua kwamba hautafsiri vizuri. Utasikia jambo lenye maana nyingi, nao utakuchagulia ile ya kukuumiza, kisha utakuapia kwamba hakuna nyingine. Usiende kuuliza kwa mpita njia, wala kwa mtu anayefaidika na machozi yako. Muulize aliyelisema, muulize mapema, hata kama sauti yako inatetemeka na unaona aibu. Na wewe unayesema, ukiona mwenzako ameondoka na neno lako akiwa amenuna, mfuate umweleze, usingoje akuulize.

Nenda salama. Mungu akupe mwenza wa kumuuliza bila hofu na wa kukujibu bila kuchoka. Akuridhishe na sura aliyokupa, na ndugu zako wafurahi kukuona unapoingia mlangoni kwao, leo na hata nitakapokuwa sipo. Amina.